Baba Mdogo, Kombi Nimeitoa

Baba Mdogo,

Assalamu alaykum. Salamu nakupa kwa sababu ni haki ya Mwislamu juu ya mwenzake, usije ukadhani moyo umetulia. Haujatulia. Na barua hii naiandika wazi, Shangazi aisome kwa sauti hapo barazani Chumbageni, kwa kuwa na wewe yako umeyasemea barazani. Nasikia umewaambia ndugu kwamba Johannesburg wametunyang'anya gari kwa ajili ya ugeni wetu. Nasikia pia mimi, Mwanaidi, ndiye niliyekufukuza huku. Haya. Anayetaka chai ajimiminie, maana nina maneno.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, saa saba na nusu mchana. Nataja saa makusudi, wasije wakadhani ulikuwa unatoka harusini. Ulikuwa unakwenda shule kuchukua watoto kumi na wanne, wa majirani zetu wa Bellevue, Wakongo na Warundi na Wazimbabwe, pamoja na Zuhura wangu wa darasa la pili, ambaye anakuita Babu. Kazi yetu ndiyo hiyo, Shangazi, kama hukuambiwa: asubuhi kombi naendesha mimi, mchana anaendesha yeye, na katikati mimi nashona nguo. Basi pale kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, trafiki walikuwa wanasimamisha magari. Wakakupa mrija upulize. Ukapuliza. Kombi ikavutwa yadini, kule yanakofungiwa magari yaliyokamatwa, wewe ukapelekwa kutolewa damu na baadaye rumande. Kwetu tunasema damu nzito kuliko maji. Yako siku ile sijui waliikuta nzito kiasi gani, maana ilishachanganywa.

Mwalimu alinipigia saa kumi. Nilikwenda kwa miguu, mbio, na ushungi mkononi. Watoto walikuwa wamekaa chini ya ukuta wa shule, mabegi magotini. Zuhura, na Kiswahili chake unachokijua, akaniuliza, "Mama, Babu alisahau sisi?" Nikamwambia gari limeharibika. Nilishaanza kukusemea uongo kabla hata sijajua naficha nini.

Kesho yake wakakuachia kwa masharti, urudi mahakamani baada ya wiki mbili. Ulikuja nyumbani, ukaoga, ukaniambia, "Naenda kuswali Ijumaa Mayfair, mwanangu." Kanzu nilikupigia pasi mimi mwenyewe. Nilidhani unakwenda kutubu, kumbe unakwenda kupanda basi! Jumatatu namba yako ikaingia, ya Tanzania. Ukasema "nimefika salama," ukakata. Hukuuliza kombi. Hukuuliza hata watoto walirudije nyumbani.

Mema yako siyakatai. Tena hayo ndiyo yanayoniuma zaidi. Baba alipofariki nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na minane, ndevu zako za kuhesabika. Ulinishika mkono ukanipeleka kuandikishwa shule. Mwalimu mkuu akauliza mzazi ni nani, ukajibu, "Mimi ndiye baba yake." Yule bwana akakutazama, akahesabu vidole, akacheka mpaka akakohoa. "We kijana, umemzaa una miaka kumi na moja?" Wewe hukucheka. Ulimwambia, "Mwalimu, wewe andika tu." Akaandika. Mpaka namaliza shule, kwenye kila ripoti, baba yangu ni wewe.

Ukatangulia huku, ukaniita. Ukanifundisha kuendesha gari Jumapili asubuhi kwenye maegesho matupu, ukipiga kelele, "Klachi, mwanangu, klachi! Hiyo siyo cherehani!" Tukicheka mpaka gari linazima. Ni wewe uliyeniambia gari la watoto haliendeshwi kwa hasira. Na kombi tulipoinunua pamoja tuliiandika kwa jina lako, kwa sababu wewe ulishapata kitambulisho na mimi bado nilikuwa na karatasi ya muda. Sikuona tatizo. Nani anamdai baba yake hati?

Sasa yadi. Iko mbali, njia ya Midrand, teksi mbili na mguu mrefu kandokando ya maghala. Wazazi walishanipa mpaka Jumatatu inayofuata: kombi isipofika shuleni, watoto wote wanahamia gari jingine, na mimi na Zuhura tubaki na cherehani na Mungu. Pale yadini wakanieleza utaratibu. Mwenye gari aje mwenyewe. Kama hayupo, aandike ruhusa kwa mkono wake, na anayekuja kuchukua aape polisi, aseme yeye ni nani kwa mwenye gari. Nikakupigia. Hukupokea. Nikakupigia tena na tena, mpaka nikakutumia sauti yangu nikilia. Ndipo ukaniletea picha ya karatasi, kavukavu, bila hata "pole." Mistari miwili ya Kiingereza na saini. Wallahi sikuisoma. Niliona saini yako nikasema alhamdulillah, nikakimbia kuichapisha.

Polisi, askari mmoja kijana alinijazia hati ya kiapo. Alipofika kwenye uhusiano akauliza huyu ni nani wako. Nikasema, baba yangu. Sikupepesa jicho. Kwa Kiswahili sikuwa nimesema uongo, na nilikuwa naapa kwa Kiswahili moyoni ingawa mdomo ulikuwa wa Kiingereza.

Dirishani pale yadini alikuwa mama mmoja wa Kizulu, miwani kaining'iniza kwa uzi shingoni. Akaivaa, akaziweka karatasi zangu mbili sambamba, kalamu yake ikawa inakwenda huku na kule.

"Dada, hapa wewe umeapa huyu ni baba yako. Hapa yeye anasema wewe ni mtoto wa kaka yake. Nani muongo?"

Nikaisoma barua yako kwa mara ya kwanza, kichwa chini miguu juu, kupitia kioo. Umemruhusu mtoto wa kaka yako kuchukua gari. Ukalitumia lile neno lao, "niece," na herufi umezipanga vizuri kabisa, hata moja haikukosewa. Baba Mdogo, miaka ishirini na mitano hujawahi kuniita mtoto wa kaka yako. Hata nilipovunja kioo cha jirani hukuniita hivyo. Hata nilipopata mimba ya Zuhura na mwenyewe akaingia mitini, uligomba wiki nzima, lakini uligomba na mwanao.

Halafu yule mama akachukua nakala ya kitambulisho chako na kitambulisho changu, akahesabu vidole. Hakika nilijua kinachokuja. "Eish, dada! Alikuzaa na miaka kumi na moja?" Foleni nzima nyuma yangu ikacheka. Wanaume waliokuja kutoa magari waliyokamatwa nayo wamelewa, nao wananicheka mimi! Nikaanza kueleza, huku machozi yananitoka kwa hasira: si baba aliyenizaa, ni baba mdogo, mdogo wake baba. Uso wa yule mama ukalegea.

"Kumbe ni ubab'omncane!"

Wazulu wanalo, Baba Mdogo. Neno lilelile, baba mdogo, wala halikuongezwa kitu. Akaniambia hata yeye anaye wake, na ndiye aliyepokea mahari yake. Nikashusha pumzi, nikasema, alhamdulillah, mama, umenielewa.

"Mimi nimekuelewa," akasema. "Fomu ndiyo haijakuelewa. Fomu ni ya Kizungu. Nenda ukaape upya, useme ni anko wako, ilingane na alivyoandika yeye."

Anko! Kwetu anko ni nani? Anko ni mtu yeyote anayekusaidia kubeba mzigo na humjui jina. Anko ndivyo watoto wa kombi walivyokuwa wakikuita, "Uncle, nishushe hapa," na wewe unawashusha. Nikapanda teksi mbili kurudi, nikamkuta askari yuleyule. Akanipa hati, akanionyesha: piga mstari juu ya neno baba, andika anko juu yake, weka saini pembeni ijulikane umekata mwenyewe. Nikashika kalamu. Nikawa naitazama tu. Yule kijana, mpole tu, hana kosa, akanihimiza: "Mama, wewe andika tu."

Nikaandika.

Ijumaa kombi nikaitoa. Ilikuwa imejaa vumbi, na kwenye kiti cha nyuma kopo la chakula la mtoto limeota ukungu. Mlangoni kwa dereva ilikuwepo ile chupa yako ya chai. Unajua ninayoisema, ile niliyokujazia chai ya tangawizi kila siku saa sita kabla hujatoka, kwa kuwa kifua chako hakipendi baridi ya huku. Nikaifungua niimwage. Brandi. Nilikaa ndani ya kombi, yadini, nikijiuliza swali moja kama mwendawazimu: chai yangu alikuwa anaimwaga wapi? Kwenye sinki? Kwenye maua ya mwenye nyumba? Miaka yote hiyo namenya tangawizi, nanunua iliki, nakufungia chupa mwenyewe, na wewe unasema "Ahsante, mwanangu" unatoka nayo. Pombe ni maradhi, najua, na mgonjwa hatukanwi. Lakini chai, Baba Mdogo! Ungeniambia tu huitaki.

Jumatatu nilifika shuleni kwa wakati. Watoto tisa walikuja, watano walishaondoka. Sasa naendesha asubuhi na mchana, na kushona nashona nikipata nafasi. Siku ya kesi nilikwenda mahakamani, nikakaa nyuma. Jina lako likaitwa mara tatu ukumbini. Sikuitika, ningeitika kama nani?

Najua utakalosema. Utasema, mwanangu, Kiingereza ndivyo kilivyo, ulitaka niandike nini? Nilitaka uandike kwamba mimi ni binti yako. Fomu ingekataa, sawa. Tungekataliwa pamoja. Mwalimu mkuu alipocheka ulimwambia aandike, na ulikuwa huna hata kitambulisho cha kura wakati huo. Sasa una ndevu nyeupe na karatasi zote za serikali mbili, umeshindwa kuwadanganya watu wa yadi kwa ajili yangu, ila Shangazi umemdanganya bila shida.

Siombi urudi. Naomba ukae barazani mchana, saa saba na nusu, huna kitu mdomoni, uwaambie ndugu gari lilikamatwa kwa nini na nani aliyewaacha watoto ukutani. Ukishasema, nipigie. Nitapokea mara ya kwanza, mimi sina tabia yako. Zuhura anakusalimia. Nimemwambia ukweli, na bado anakuita Babu, kwa sababu yeye hajajaza fomu.

Hapa mwisho mkono ulishaandika "Mwanao," kwa mazoea ya barua zote. Nimelipigia mstari, na saini nimeiweka pembeni, ijulikane nimelikata mwenyewe.

Wasalaam,

mtoto wa kaka yako,
Mwanaidi