Umri wa Uji wa Bibi

Chumba cha nyuma,
Nyumbani.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Ninadai, na dai hili nitalitetea mbele ya yeyote, kwamba uji wa oti uliokwisha kupikwa haufai kukaa nje zaidi ya saa mbili, wala jokofuni zaidi ya siku nne. Niwie radhi kwa kutanguliza hoja. Shikamoo, Shangazi. Natumaini mgongo umekuachia na kazi haikukamui mno. Sisi tu wazima, isipokuwa Bibi.

Mama hupika uji saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda kiwandani kushona. Kwa kuwa mikono ya Bibi inatetemeka na hawezi kuwasha jiko, sufuria huviringishwa taulo na kuachwa kando ya kitanda chake kutwa nzima. Unaobaki jioni hautupwi. Alfajiri Mama humimina mpya juu ya ule wa jana, akakoroga, siku ikaanza. Hadi Ijumaa iliyopita, sufuria hiyo haikuwahi kuwa tupu tangu mwezi wa nne. Nilijaribu kukadiria umri wa kijiko kimoja cha chini, nikashindwa, na hesabu ndiyo niliyoisomea.

Mwezi huu Bibi ameharisha mara mbili. Daktari alimfinya ngozi ya mkono, ikachelewa kurudi, dalili ya kupungukiwa maji mwilini. Akaniambia kwamba mara ya tatu, kwa umri wake, huenda tukampoteza.

Nilimsomea Mama makala nne. Alisikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Umemaliza, msomi? Haya, kesho acha kazi ukae umpikie kila saa."

Nikikosa siku moja pale duka la uchapaji, kiti changu kinapata mwenyewe mwingine. Bibi naye alinicheka: "Mume wangu, viporo vingekuwa vinaua, babako angezaliwa na nani?"

Ijumaa nilimwaga uji wote, nikasugua sufuria, nikamwachia mkate na ndizi. Hakugusa. Niliporudi jioni nilimkuta ukingoni mwa kitanda, kijiko mkononi, akiniuliza kwa upole kama kuna mgeni aliyekula chakula chake. Shangazi, niliketi sakafuni kando yake, nikammenyea ndizi.

Sasa nikueleze kinachotukwamisha. Ulipotuma katoni ya kwanza ya oti, uliandika kwenye kundi la familia: "Msimwage hata kijiko, mamangu asilale njaa." Ulisema kwa mapenzi, najua. Lakini wifi yako ameyashika maneno hayo kama sheria. Anaogopa kuambiwa kwamba anamwaga chakula cha mkwe wake. Mimi siwezi kuyafuta. Aliyeyaandika ndiye anayeweza.

Nisalimie mjomba na wale pacha. Baba anakusalimu, na Bibi anakuombea dua kila anapofungua katoni yako. Mungu akulinde huko uliko.

Usinijibu pembeni, Mama atasema nimejitungia. Andika kundini, mbele ya Baba, Mama na baba wadogo wote, kwamba uji unaobaki jioni umwagwe, na kwamba ruhusa ni yako. Ukinipinga, nipinge hapo hapo, kwa hoja, wote wasome. Ila andika leo.

Wako akupendaye,
mwana wa kaka yako,
Profesa