Mwisho Ulioubadilisha

Maskati, Ijumaa

Kaka Elibariki,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na upepo wa mlimani haujaangusha migomba. Mimi mwili mzima. Kufua mashuka ya hoteli kumenipa mikono ya fundi ujenzi, lakini kazi naiweza. Moyo ndio haujatulia, na sababu ni wewe.

Unaikumbuka ile filamu ya Kihindi ya kijana aliyekulia kijijini na baiskeli yake mbovu, kisha akaenda mjini kutafuta maisha? Uliitafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti kwenye banda la video pale Kikatiti. Kihindi hukukijua hata cha kuombea maji, lakini banda lilijaa. Polisi ulimfanya aongee Kichaga, tukacheka mpaka benchi likaanguka. Nilikuwa na miaka minane, nimekaa mbele kabisa, na baba tulikuwa tumemzika mwaka uleule.

Leo mchana Lata, Mhindi ninayekaa naye chumba kimoja, ameiweka kwenye simu yake. Nilifurahi kama mtoto. Nikawa namsimulia kila kitu kabla hakijatokea: sasa baiskeli inatumbukia mtoni, sasa anavaa viatu kwa mara ya kwanza. Mwishoni kijana anarudi, anamkuta jirani mlangoni. Nikamwambia Lata kwamba hapo anaambiwa mama amelala, amechoka na shamba, asimwamshe, naye anakaa kizingitini kumsubiri.

Lata akaisimamisha filamu. Akaniuliza nani kanifundisha hayo.

"Jirani anamwambia mama yake walishamzika," akasema.

Kaka, sikukasirikia filamu. Najua ulibadilisha kwa ajili yangu, na siku ile nilirudi nyumbani nikirukaruka. Kinachonitia hofu ni kwamba maneno yale nimeyasikia tena. Jumapili mbili zilizopita nilipopiga simu, ulisema mama amelala, amechoka na shamba, nisimwamshe. Juzi nimepiga saa nne asubuhi, ukasema hivyohivyo. Tangu lini mama yetu akalala saa nne asubuhi? Mama huyuhuyu anayekamua ng'ombe kabla jogoo hajawika? Nina hasira na wewe, na ninaogopa.

Nimeomba likizo ya dharura na nimekubaliwa. Kama anaumwa, niambie anaumwa nini. Kama ni zaidi ya hapo, niambie vilevile. Nitalia hukuhuku, lakini nitakuwa najua. Mimi si yule wa benchi la mbele tena, nina miaka thelathini na mmoja.

Anayekuletea barua hii ni dada mmoja wa Makumira, tunafanya kazi pamoja, anakuja kupumzika kwao. Nimemwomba akae hapo mpaka umalize kuisoma, kisha anipigie na akupe simu. Sikumtuma achungulie chumbani kwa mama. Nataka kusikia kwako.

Msalimie wifi, mwambie lile gauni la ubatizo wa mtoto nimelipata. Msalimie shangazi wa Kikwe, na yule mwalimu wetu wa kipaimara kama bado anatembea na fimbo yake.

Mama sikumwandikia salamu humu. Zake nitampa mwenyewe, akiwa macho.

Mdogo wako,
Anaeli