Rekodi ya Wendell

Brandon, 7 Novemba 2010

Baba,

Shikamoo. Habari za mgodini? Sisi wazima, ila Mama ana mafua. Theluji imeanza na mechi za hoki ya barafuni zimeanza. Tangu uondoke Juni sijapata barua yako hata moja.

Unakumbuka ile gemu ya magari tuliyopakua siku ya kuondoka, tumekaa duka la donati, wewe kwenye mashine yako ndogo ya gemu na mimi kwenye yangu? Uliniachia rekodi yako ya njia ya Daraja Jekundu. Imevunjwa. Na Wendell.

Mwanao,
Noelle

Mgodini, 13 Novemba

Noelle mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua. Wendell gani? Huyo mume wa mama yako? Wa basi la shule? Wacha wee! Mtu aliyezoea kusimama kila mlango kuokota watoto, anipite mimi ninayeshusha lori la mawe kubwa kuliko nyumba yenu? Piga picha ya kioo cha mashine unitumie. Bila picha hakuna rekodi, wachezaji wote wanajua.

Na mwambie asizoee.

Baba yako

Brandon, 21 Novemba

Baba,

Shikamoo. Mgongo vipi? Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Picha hiyo hapo: dakika moja na sekunde kumi na mbili. Alikuwa anakula chipsi huku anacheza. Pia amenifundisha kuteleza kinyumenyume kwenye barafu, na anakuja mechi zangu zote.

Krismasi unakuja?

Mwanao,
Noelle

Mgodini, 28 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo achana nao. Kila nikitoka zamu nacheza, wenzangu wanasema nimerukwa na akili. Sekunde kumi na moja! Picha kapiga Maurice wa jikoni, hicho kidole ni chake. Mwonyeshe huyo mla chipsi.

Na hayo ya kinyumenyume, nani kamwomba? Ungenisubiri.

Baba yako

Brandon, 6 Desemba

Baba,

Shikamoo. Mama amepona. Pole, Wendell amepata sekunde kumi. Picha nimeweka. Hujajibu kuhusu Krismasi.

Mwanao,
Noelle

Mgodini, 13 Desemba

Noelle,

Nimeiangalia picha vizuri. Gari limechubuka ubavu wa kushoto tu. Kwa hiyo anaegemea ukingo wa daraja badala ya kushika breki. Ujanja huo nilikupa wewe peke yako, pale kwenye donati, nikakwambia usimwambie mtu. Umempa yeye. Hoki kachukua, barafu kachukua, na hicho kimoja kilichobaki changu nacho umempa? Naona wivu, ndiyo, sifichi.

Likizo yangu ya Krismasi nimempa Maurice. Nyinyi dereva mnaye.

Roland

Brandon, 18 Desemba

Baba,

Shikamoo, na tafadhali usisaini tena Roland.

Wendell alicheza mara moja tu, gari lake likatumbukia mtoni, akanirudishia mashine. Hata chipsi hali. Rekodi zote ni mimi. Gari limechubuka kushoto kwa sababu aliyeendesha ni mimi, na siri yako sijampa mtu.

Kiangazi chote nilikuandikia, kimya. Nilipotaja Wendell, ukajibu hapo hapo. Ningefanyaje?

Ila kuteleza ni kweli. Na mechi zangu anakuja kweli. Hayo siwezi kukudanganya. Njoo, Baba.

Noelle wako

Mgodini, 27 Desemba

Noelle binti yangu,

Marahaba, marahaba. Theluji ilifunga barabara, barua yako imefika sikukuu imeshapita. Nimeisoma jikoni peke yangu, Maurice yuko kwao anakula bata mzinga kwa likizo yangu. Nimelia. Hiyo nayo iwe siri yetu.

Sekunde kumi ni zako, mama. Nimejaribu tangu asubuhi, sikufikii.

Ya kuteleza bado inaniuma, nisikudanganye. Lakini hata ungenisubiri ingekuwa bure, maana kinyumenyume sijui, sikuwahi kujua. Utanifundisha wewe.

Nimeomba ruhusa, nakuja na basi la Jumamosi, tarehe 8 Januari. Mwambie Wendell aje anipokee, na aendeshe polepole kama kawaida yake. Nikirudi huku nitakuandikia, hata kama hakuna aliyenipita.

Baba yako