Ulinijua, Ukanipeleka Boma

Mjomba wangu,

Shikamoo yako nimeiweka mwisho wa barua, kama nitafika huko nikiwa bado ninayo. Kwa sasa nina hasira, nawe umekufa kabla sijakuambia, na hilo nalo linanikera.

Unakumbuka tulivyokuwa tukirina asali kule juu Mgeta? Mimi nashika moshi, wewe unaingiza mkono mzingani. Siku ile moshi ulipozimika, nyuki walitambaa usoni mwangu na sikupepesa jicho. Ukacheka, ukasema, "Huyu kaumbwa mpole. Mizinga yangu itabaki kwake." Nilishuka mlima nikiimba.

Basi ulinijua. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Angekuwa mtu mwingine, ningesema hakujua.

Boma lilipotafuta mkalimani wa kugeuza Kiluguru kuwa Kiswahili, ulinishika mkono ukanipeleka kwa Bwana Shauri, mkubwa wa boma, kwa kuwa nilijua kusoma, na kwa kuwa ndugu wa mkalimani hawasombwi kulima barabara. Nilikuambia, "Mjomba, mimi siwezi kumtolea mtu neno kali." Ukanijibu, "Maneno si yako. Wewe unayapitisha tu." Mama akanifulia kanzu, maana kwetu mjomba akishasema, amesema.

Yule bibi wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa akituletea maboga, aliitwa bomani kuulizwa kama wanawe watashuka kuvuna pamba. Alisimama wima akasema, "Mwambie tuna mahindi yetu. Pamba yake avune mwenyewe." Niliogopa atachapwa viboko, na ulimi wangu ukafanya ulichozoea. Nikasema, "Wana kazi nyingi, Bwana, ila watajitahidi." Bwana Shauri akaridhika. Wanawe hawakushuka. Askari wakapanda mlimani, wakawaita waongo, wakachoma ghala la mahindi na kuwafunga kamba wote wawili.

Bibi alirudi bomani peke yake. Akaniuliza mbele ya watu, "Baba, mimi nilisema hapana. Wewe ulimwambia nini?"



Kazi ile ilitaka mtu anayeweza kulisema neno kali jinsi lilivyo, kisha akaenda kula akashiba. Watu hao wapo, wala si wabaya. Mimi si mmoja wao. Wewe uliliona hilo kwa macho yako, ukalipuuza, kwa sababu kofia ya boma ilikupendeza kichwani mwa mpwa wako.

Nimeivua. Jana, arobaini yako ilipokwisha, ukoo ulikaa kunirithisha jina lako kama ilivyo ada. Nimelikataa. Mama amelia, wazee wamenuna, na wanune. Sitaitwa jina la mtu aliyenijua akanitupa. Barabara nitalima kama wenzangu.

Ila mizinga nimeichukua. Nikirina mzinga wa kwanza, asali yote nitaivusha mto hadi kwa bibi. Akisema hapana, nitarudi na hapana yake jinsi alivyoisema.

Shikamoo, Mjomba. Imebaki kidogo, nayo ni ya yule aliyenifundisha nyuki.

Mpwa wako