Vidole Vyote Vipo

Jumapili, 1 Agosti 1993

Nisamehe, daftari. Tangu Lucky aote jino la kwanza sijakugusa, na sasa anauma kila kitu — hata wewe amekuuma, pembeni. Siumwi. Nimechoka tu. Baridi ya huku juu haina huruma mwezi huu. Ukungu umekaa kwenye migomba tangu asubuhi, na nepi hazikauki.

Rogath, baba Lucky, ameondoka Ijumaa na lori la watu, anapeleka mchele wa Mabogini mpaka Voi. Nilimshonea kifungo cha koti kwa uzi mwekundu, mweusi umeisha. Akajitazama. "Sasa nimekuwa kardinali."

Nachapa kazi ya Mwalimu Filemon, yule wa sekondari anayejiendeleza. Inahusu mwili wa binadamu katika tenzi za vita za Wagiriki wa kale. Mama mkwe kusikia Wagiriki akaacha kumenya ndizi. Wale wa mashamba ya kahawa? Aliwachumia kahawa akiwa msichana. Nikamwambia hawa ni mababu zao, walitunga tenzi ndefu. Akarudia ndizi zake.

"Yule wetu hakuwa na utenzi. Alikuwa na mbwa."

Mwalimu anaandika kwamba mle ndani mtu aliye hai anatajwa kwa viungo. Magoti yanayokimbia, mkono unaorusha mkuki, moyo unaoruka kifuani. Neno la mwili mzima wanaliweka kwa maiti. Hapo nikasimamisha taipureta, nikamtazama Lucky aliyelala. Kweli! Mimi nina visigino vyake, nina kitovu, nina shingo inayonuka maziwa. Mwili wa Lucky sijawahi kuuona.


Jumatano, 4 Agosti

Lori limepinduka ng'ambo ya Taveta. Shemeji Fabian kaambiwa pale mpakani Holili. Kuna waliokufa. Hati ya Rogath ya kuvukia mpaka imekutwa kwenye koti la mmoja wao.

Koti lina kifungo cha uzi mwekundu.

Siwezi.


Ijumaa, 6 Agosti

Ngoja niandike kwa mpangilio, nisije nikadhani niliota.

Asubuhi Fabian alifika na sanduku limepigiliwa misumari. Huko ng'ambo alionyeshwa koti na hati, akaambiwa uso umeharibika asitazame, basi hakutazama. Kaburi lilishachimbwa kihambani, kwenye migomba ya ukoo, karibu na la baba mkwe. Kina mama wanaimba. Kila mtu anasema mwili umefika, mwili uwekwe huku, mwili usikae juani. Hakuna aliyesema Rogath. Nikakumbuka ule ukurasa nilioupiga chapa. Nilitaka kupiga kelele.

Mama mkwe akatoka jikoni na kibuyu cha siagi. Katika nyumba hii mtu haendi ardhini kabla mama yake hajampaka siagi miguuni. Kama mama hayupo, shangazi. Alipakwa hivyo baba mkwe, alipakwa hivyo babu yao.

Fabian akasema, "Mama, tafadhali. Wamesema tusifungue."

"Wamesema akina nani? Wao ndio walimzaa?"

"Uso wake, Mama..."

"Uso kaeni nao. Mimi nataka miguu."

Wazee wakanong'onezana. Mmoja akasema katekista yuko njiani, tusichelewe. Mama akakaa juu ya sanduku. Mjane mzima, na kibuyu mapajani! Wakaleta nyundo.

Walifungua upande wa miguuni tu. Mama akavua soksi polepole, kama anavyomvua Lucky akiwa amelala. Akapaka mguu wa kulia. Akapaka wa kushoto. Akasimama. Akaanza kushika vidole kimoja kimoja, kama unavyomhesabia mtoto. Akarudia. Halafu akacheka.

Shangazi mmoja akamshika, akidhani huzuni imempanda kichwani.

"Niache! Fabian, umeniliza kwa mtoto wa nani? Vidole vyote vipo!"

Rogath hana kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Alikiacha kwenye mfongo, mfereji wa maji, akiwa mvulana, walipokuwa wakisafisha maji yapite shambani, jembe likateleza. Mama ndiye aliyemfunga kwa kitambaa. Na mimi lile pengo nalijua. Kipindi hiki cha baridi ndilo linalonigusa usiku.

Nikashika na mimi. Vitano. Vya baridi, vizuri, vya mtu mwingine. Nikakaa chini pale pale kwenye majani, na maziwa yakaanza kutoka yenyewe, gauni likalowa kifuani mbele ya ukoo wote. Hata sikuona aibu.

Vigelegele! Msibani! Katekista akatokea kwenye migomba, kitabu mkononi, akasimama. Akamuuliza mtu wa nyuma kama amekosea nyumba.

Mama ndiye aliyetunyamazisha. "Basi. Huyu naye ana mama."

Akaagiza maji ya moto. Fabian akasema mgeni arudishwe tu alikotoka, gari bado lipo. Nikasema hapana. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikamwambia shemeji, mtu huyu tumemlilia siku mbili, haondoki hapa na damu mwilini. Tulimwosha mimi na Mama na shangazi. Mimi nilishika beseni. Ni kijana, labda rika la Rogath. Mama akampaka siagi yote iliyobaki.

Jioni wakampeleka chumba cha maiti mjini. Kaburi liko wazi. Rogath sijui yuko wapi. Lakini hajalala mle!


Jumamosi, 7 Agosti

Fabian amevuka tena Holili alfajiri, amtafute.

Mwalimu Filemon amekuja kunipa pole, akatukuta tunakula ndizi za msiba na kucheka. Akasema pole, halafu hongera, halafu akakunja kofia. Maskini. Nikampa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Nikamuuliza kwa nini wale Wagiriki wanapigania maiti kuliko wanavyompigania mtu akiwa hai. Akasema kwao kufa hakuishi kwa mkuki. Mtu amekwisha kufa vizuri akirudishwa kwao, akaoshwa, akapakwa mafuta, akaliliwa kwa jina lake. Asipofanyiwa hivyo bado yuko njiani.

Mama akaniuliza anasemaje. Nikamweleza. Akasema kumbe ni watu.


Jumapili, 8 Agosti

YUPO! Tumeitwa kwenye simu dukani Kiboriloni, nimeshuka mbio na Lucky mgongoni, ndala imekatika njiani, nikaiacha.

Fabian anapiga kelele kana kwamba waya umeziba: "Shemeji, yupo! Yuko hospitali Voi, mguu umevunjika, wamemfunga plasta. Anawagombeza wauguzi!" Alizimia siku tatu, wakamwandika mtu asiyejulikana. Fabian hakuuliza jina wodini, alipita kitanda kwa kitanda akifunua blanketi miguuni. Wakataka kumfukuza!

Halafu Rogath mwenyewe. Sauti nyembamba. Kitu cha kwanza: "Mama Lucky, koti langu lilirudi?"

Nilimtukana. Nikalia. Mwenye duka akageuka akajidai anapanga sabuni.

Kumbe koti alimpa mtu aliyepanda Taveta. Alikuwa na homa, meno yanagongana. Nikauliza ni nani.

"Alikuwa anatetemeka. Ningeanza kumuuliza jina?"

Hapana. Usingeanza. Ndiyo maana nilikukubali.


Jumatatu, 9 Agosti

Nimelala usiku mzima. Lucky pia. Nimeamka sijui ni siku gani, raha tupu.

Wazee wamekuja kuhusu kaburi. Lililochimbwa halifukiwi tupu, wanataka wazike mgomba mle, kisa kiishe. Mama amekataa. Mgomba ukishalala mle, na yule kijana akikosa watu wake, yeye atalala wapi? Mzee mmoja akasema kihamba si stendi. Mama akamwambia mwanangu alimpa koti, mimi nishindwe kumpa shimo? Wakanywa mbege wakaondoka. Watarudi, nawajua.

Fabian amerudi jana jioni na kesho anaondoka tena kwenda Voi. Mama amekata jani la sale ampelekee. Kwetu ndilo la kuombea msamaha. Wakipatikana watu wa yule kijana wapewe, kwa sababu tulimlilia kwa jina lisilo lake.

Mimi nimempikia Rogath mtori wa ndizi na nyama, nimeutia kwenye chupa ya chai. Shemeji anasema mpakani watamcheka. Wamcheke.

Nimkumbushe asubuhi vitu ninavyotaka avilete au avitume:

Rogath, wakimruhusu. Wasipomruhusu, mwandiko wake, hata mstari mmoja.

Kiatu chake cha kulia, cha kupimia vingine. Na hati mpya ya kuvukia.

Koti asiulizie. Tumemfunika nalo yule kijana, na kifungo nimekikaza.

Jina la kijana. Apite Taveta, aulizie stendi, kanisani, msikitini, kwa wauza dawa. Mtu mwenye homa lazima aliingia mahali.

Jina la mama yake. Akimwona, asianze na habari ya sanduku. Kwanza amuulize mwanawe alikuwa na alama gani, kovu, baka, chochote, na iko wapi. Tulimwosha mwili wote, lakini hatukujua tutafute nini.