Sitakukalia Eda

Mpendwa Baba Salma,

Nakuandikia kutoka Kilburn, huku kwa Waingereza, na sijui kama namwandikia mtu aliye hai au marehemu. Tangu walipokuja kukuchukua shuleni baada ya Mapinduzi, chaki ungali nayo mkononi, sijapata neno lako wala kuonyeshwa kaburi lako.

Unakumbuka ulivyonifundisha Kiingereza uani, mimi nakuna nazi, wewe unapigapiga goti kwa kidole? Ulisema sauti hii moja Waingereza wanaiandika kwa njia tatu, na hakuna kanuni ya kukuokoa, lazima uhifadhi kama tulivyohifadhi Kurani chuoni. Basi tukaghani pamoja: "E na ari, her. I na ari, bird. U na ari, nurse." Nikakuuliza, "Kwani hawa hawakuwa na mtu wa kuwapangia mambo yao?" Ukanijibu, "Walikuwa na shughuli ya kutupangia sisi." Nilicheka mpaka mbuzi ya kukunia nazi ikanikwaruza kidole.

Sasa nasoma darasa la watu wazima, alasiri, nikitoka kufua mashuka ya hospitali. Juzi mwalimu akaandika maneno yale yale ubaoni. Sikujijua, nikaanza kuyaghani kwa sauti huku nayumbisha mwili kama mtoto wa chuoni, na darasa zima likageuka kunitazama. Nilipomhadithia Salma, binti yako alifunika uso kwa aibu. "Mummy, that's so embarrassing. They don't even say the r here." Ni kweli, hiyo ari hapa wanaimeza, hawaitamki. Ila yeye hajui kwamba mle darasani ndimo ninamokusikia. Kwengine kote sauti yako imeanza kunipotea, na hilo linanitia hofu kuliko njaa.

Bi Rukia, yule mtu mzima wa Kipemba anayekaa Walthamstow, amenijia na wenzake, wameniletea nguo za eda. "Mwanangu, miaka yote hii," akaniambia. "Kaa eda, tumsomee hitima, upate kupumua. Shekhe kesharuhusu." Najua wananitakia kheri. Lakini eda ni kukaa ndani, hakuna darasa, hakuna hina wala pambo, na nikitoka humo mimi ni mjane nawe ni maiti, kwa kauli yangu mwenyewe. Waliokuchukua hawajathubutu kusema umekufa. Mbona nianze mimi?

Nimewaomba wanipe mpaka Ijumaa. Nimechoka, Baba Salma. Kazini nalia chooni, nafungulia bomba wasinisikie. Kama u hai, niletee neno moja, hata kwa mdomo wa mpita njia. Kama umekufa, njoo ndotoni uniambie wewe, maana kwa Bi Rukia sitaamini.

Usiponijia, sitajibizana nao kwa maneno. Ijumaa wakija na ubani wao, watanikuta nimetia hina, mikono na miguu.

Aliye mkeo mpaka useme wewe,
Mama Salma