Mashine ya Mazoezi na Ndoo Niliyoimwaga

Mama,

Nimekaa kwenye kiti chako cha plastiki, na mbele yangu ipo ile mashine. Bado ipo. Nilitaka kuanza kwa habari za shamba, maana nakujua, ungeuliza shamba kwanza. Mahindi yamekubali. Mbaazi zimeliwa na wadudu. Sasa za shamba zimekwisha, na sina tena pa kujificha.

Nina aibu, Mama. Tangu tukuzike pale karibu na mparachichi nimekuja kaburini kwako mara nyingi, nikang'oa majani, nikapanga mawe, nikaondoka bila kusema kilichonileta. Leo nakiandika, kwa sababu kesho asubuhi nakwenda Mbulu kwa baba wa mkweo Paskalina, na sitaki wewe uwe wa mwisho kujua.

Unakumbuka siku mashine ilipoletwa kwa pikapu ya lodji. Walikuwa wanabadilisha vyombo vya jimu, na meneja akasema hii kongwe apewe Magdalena, ndiye aliyeitunza. Kuitunza ni kweli. Miaka tisa nimefuta jasho la wageni kwenye ile mashine, asubuhi kabla hawajashuka kreta kutazama wanyama na jioni wakisharudi na vumbi lao. Kila skrubu yake naijua, tangu zile pedeli mbili ambazo mtu anasimama juu yake akitembea pale pale, mpaka mishikio inayokwenda mbele na nyuma. Lakini kuipanda, Mama, sikuwahi kuipanda hata siku moja. Mfanyakazi alikuwa haruhusiwi kuweka mguu kwenye chombo cha mgeni. Hilo sikumwambia mtu hapa nyumbani. Nilipenda mlivyokuwa mnasema "Magda yuko jimu," nikawaacha mkidhani mimi ni mwalimu. Wewe mwenyewe uliwaambia akina mama wa jumuiya kwamba mwanao anawafundisha Wazungu mazoezi. Nilikuwa nimesimama pale pale nyuma yako. Nikatabasamu.

Ukaizunguka, ukaigonga gonga na ufunguo wa stoo, ukasema, "Huyu ni punda asiyefika Rhotia." Tulicheka mpaka Paskalina akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Lakini uliitaka. Nesi wa kliniki ya sukari alikuwa amekwambia utembee nusu saa kila siku, na magoti yako yalikuwa hayataki tena kile kilima cha kanisani, hasa masika udongo wetu mwekundu unapokuwa kama sabuni. Nilikwambia wageni wenye magoti mabovu ndiyo wanayoipenda, kwa sababu miguu haidundi chini. Hilo lilikuwa kweli. Huenda ndio ukweli pekee niliokwambia kuhusu ile mashine.

Niliiweka stoo, penye sakafu iliyobonyea. Ilikuwa inacheza, nikakunja boksi nikalisokomeza chini ya mguu mmoja. Fundi mzima wa jimu, naweka boksi. Jumapili majirani wakaja kutazama, nikaipanda mbele yao kwa kurukia, nikayumba, nikashika mshikio kwa bahati, nikajidai ndivyo inavyopandwa. Walipiga makofi. Wewe ulinitazama kwa lile jicho lako moja lililofinywa, ukaniuliza baadaye, "Magda, una hakika?" Nikakujibu kwa ukali kidogo kwamba miaka tisa nashinda nayo.

Jumanne ile tulikuwa wawili tu. Paskalina alikuwa ameamka mapema, akateka maji bombani, akajaza ndoo tatu, akazifunika, ndipo akaenda kupalilia maharage. Kaka Boay alikuwa Loliondo kununua mbuzi wa mnadani. Ulikuja stoo umevaa ndala na kanga mbili, moja juu ya nyingine, na sikukwambia lolote kuhusu hizo ndala wala hizo kanga. Ukauliza uanzie mguu gani. Pedeli moja ilikuwa juu, nyingine chini. Nikaitazama ile ya juu, nikaona imekaa kama ngazi, nikasema, "Panda hiyo."

Pedeli ikashuka na uzito wako wote. Ile nyingine ikapanda, mishikio ikakupiga kifuani, kanga ikanasa, na ukaanguka kwa nyonga kwenye ukingo wa mlango. Mpaka leo nasikia ule mlio, na wala haukuwa mkubwa.

Ukiwa bado chini, hujapata pumzi vizuri, kitu cha kwanza ulichosema ni hiki: "Usiwaambie. Sema nimeteleza bombani." Uliona uso wangu. Ulijua ninavyoogopa kuchekwa kuliko ninavyoogopa kitu kingine. Ulikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mtu ambaye hata idadi ya mayai hukuwahi kudanganya, na ulinitungia uongo ukiwa umelala sakafuni.

Lakini yaliyofuata hukunituma. Niliyafanya mwenyewe, na uliniona. Nilichukua ndoo moja ya maji ya Paskalina nikaimwaga mlangoni, ili ionekane ndoo moja haikujazwa na ulikuwa na sababu ya kwenda bombani. Kisha nikachota lile tope nikakupaka kwenye kanga, kuanzia kiunoni mpaka chini. Nilipaka vizuri, Mama, kama ninavyofanya kazi zangu zote. Wewe ukageuzia uso ukutani.

Halafu nikapiga yowe, na waliokuja nikawaambia nimekubeba kutoka bombani.

Sikufikiri maji ya nyumba hii ni kazi ya nani. Au nilifikiri, nikaacha kuendelea kufikiri. Kabla hata gari halijakufikisha hospitali, wanawake wameshaulizana: bibi mwenye sukari anatekaje maji, na mkwe yumo humo ndani? Paskalina alirudi na jembe begani akakuta hukumu imeshapita. Akaniapia, "Wifi, mimi nilijaza ndoo tatu." Nikamwambia labda amesahau. Naliandika tena neno hilo. Labda amesahau.

Ulijaribu kumtetea. Ulisema ulikwenda kwa hiari yako, hakuna aliyekutuma, na watu wakasema ona mama wa watu alivyo na roho nzuri, anamfichia mkwe wake uvivu. Kadiri ulivyomtetea ndivyo alivyozidi kuzama. Kisha Boay akaenda Mbulu kumwita mzee Tluway, baba yake Paskalina, aje asikie binti yake alivyotutunzia mama. Mzee alikaa sebuleni kofia ikiwa magotini akasema, "Kama mwanangu amekosa, nisameheni mimi niliyemlea." Mimi ndiye niliyemletea chai. Nilimwekea sukari vijiko viwili nikamuuliza kama inatosha.

Ulitembea tena, lakini hukutembea kama zamani. Kutoka kitandani hadi barazani, basi. Sukari ikapanda, kidonda cha mguu kikagoma, na masika iliyofuata hukuiona ikiisha. Daktari alisema ni sukari. Namheshimu daktari. Msibani Paskalina alipika makande ya watu wote hao siku tatu, moshi machoni, huku wanawake wakimsema kwa sauti ya kutosha asikie. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka wa wafiwa, wananipepea na kunipa pole.

Mashine niliifunika shuka. Boay hakumpiga mkewe, hilo nikwambie, lakini chakula alianza kula peke yake, na akizungumza naye ni kuhusu mifugo tu. Mimi nikaona, nikanyamaza. Nilikuwa nimezoea.

Mwaka huu presha ikanikamata na mimi. Hospitali wakanipeleka kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mdogo wa umri, ananiita mama. Akauliza nyumbani nina nini. Nikasema mashine, kwa majivuno yale yale, hata aibu sikuona. Walikuwa nayo moja kama yetu pale. Akasema, "Haya mama, nionyeshe unavyopanda." Nikanyanyua mguu kuelekea pedeli ya juu. Akanidaka mkono kabla sijakanyaga. "Hapana, mama. Hapo ndipo watu wanapoanguka."

Nililia pale mbele ya wagonjwa. Akadhani nimeumia goti.

Nilirudi kwake wiki sita, na safari hii nilikubali kuwa sijui. Ngoja nikwambie alivyonifundisha, kwa sababu ulikuwa na haki ya kuyajua haya kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwanza mashine isimame pasipocheza, skrubu zikazwe, na watoto wakae mbali. Nguo zisipepee, viatu viwe raba zilizofungwa. Unashika ile mishikio isiyotembea. Unaanza na pedeli ya chini, Mama, ya chini, uzito wako ukishatulia ndipo mguu wa pili unafuata. Unaanza polepole, dakika tano tu siku za mwanzo. Mgongo umenyooka, macho mbele, kisigino usikiinue sana, na usilalie mishikio kama mtu aliyechoka dirishani. Uzito wa mashine usiwe mwepesi kiasi kwamba miguu inajiendea yenyewe, maana hapo unafanyiwa kazi na gurudumu, wala usiwe mzito wa kukukunja uso. Unatakiwa uweze kuongea ukiendelea, ila usiweze kuimba. Wiki kwa wiki unaongeza dakika, si zote kwa mpigo. Mwisho unapunguza mwendo, unasubiri pedeli zisimame kabisa, unashuka kwa kutanguliza mguu ulio chini. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, unaacha na unakwenda kwa daktari. Mwenye sukari apime kwanza, asipande na njaa, na aangalie nyayo zake kabla na baada. Nilipofika hapo kwenye nyayo nilikumbuka kidonda chako, nikatoka nje kidogo.

Nimemwita fundi akasawazisha sakafu ya stoo kwa saruji. Boksi nimelichoma. Akina mama wa jumuiya wakaanza kuja Alhamisi baada ya sala, sita, saba, wanapokezana, wanaongea wakiwa juu yake kama walivyoambiwa. Wananiita mwalimu. Safari hii najua ninachofundisha, na ndiyo maana neno hilo limekuwa likinichoma zaidi.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nawaonyesha pedeli ya chini. Mama Theofili, mdomo wake unaujua, akahema akasema, "Laiti marehemu angeianza mashine hii mapema, akafanya mazoezi yake humu ndani, kuliko kuachwa akateke maji." Paskalina alikuwa anaingia na sinia ya chai. Alisikia. Hakubadilika uso hata kidogo, alianza tu kugawa vikombe, na nikaona kwamba ameshazoea, kwamba nimemfanya mtu azoee kitu kile.

Nikasema. Sikusimama vizuri wala kutafuta maneno. Nilisema ulianguka hapa hapa, nilikwambia mimi upande, ndoo niliimwaga mimi, tope nililipaka mimi. Mama Theofili alikuwa bado juu ya mashine, akasahau kushuka. Paskalina akaweka sinia chini, akanitazama. Nilitaka anitukane. Akasema, "Boay anarudi Jumamosi. Utamwambia wewe. Mimi sina la kumwambia." Kisha akaokota sinia yake akatoka.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilimkuta Boay zizini anahesabu mbuzi, nikamwambia nikiwa nje ya uzio, kwa sababu niliogopa kuingia. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kamba. Nilimaliza na bado ameshika kamba. Nilitegemea hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Badala yake kaka yangu alikaa chini kwenye samadi, mtu mzima yule, akaniuliza, "Sasa nimwangalieje?" Hakuwa ananiuliza mimi. Baadaye akasema, "Kumwita baba yake nilikwenda mimi. Kumwambia utakwenda wewe."

Ndiyo hivyo, Mama. Paskalina hajanisamehe na sijamuomba aharakishe. Leo asubuhi alipita mbele yangu na ndoo ya maji, nikanyoosha mkono kumpokea, akaipitisha upande wa pili. Ni haki yake.

Kinachonisumbua ni kesho. Mzee Tluway anakuheshimu sana. Alisema mazishini kwako kwamba hajawahi kukutana na mama mkweli kama wewe, na kwamba hilo ndilo lililomuumiza, binti yake kumkosea mtu wa namna hiyo. Nimejaribu tangu jana kupanga maneno ya kumsafisha Paskalina bila kukugusa wewe. Nimesema labda nitaanzia kwenye ndoo, niruke ya sakafuni. Hayapo. Kila nikiyapanga, wewe unabaki msafi na yule binti anabaki na tope mahali fulani.

Kwa hiyo nisamehe, hili kuliko yote. Usingizi wako hapo chini ni wa heshima, na mimi nakwenda kukutia doa mbele ya mkwe mwenzako. Ulinipa uongo ule kama ulivyokuwa unanipa shuka lako wakati wa baridi, wewe ukabaki bila. Nimejifunika nao muda mrefu mno, na aliyekuwa anatetemeka hakuwa wewe peke yako.

Lala salama, Ayo, mama yangu. Nakuahidi sitapunguza neno. Nitakaa mbele ya mzee yule, nitakataa chai mpaka niwe nimemaliza, na nitamwambia kwamba mama yangu alidanganya mara moja tu katika maisha yake, na kwamba sababu ni mimi.

Mwanao,
Magdalena